Kompyuta ya gemu kwenye kasha dogo: hesabu wati kwanza

Haya, leo tuzungumzie makasha. Kila nikipita kwenye maduka ya kompyuta pale Luthuli Avenue naona kitu kile kile: kasha refu kama kabati la vyombo, kioo mbele, kioo ubavuni, feni saba zinazowaka rangi za disko, na ndani yake madabodi moja, kadi moja ya grafiki na hewa tupu. Kijana akiuliza kwa nini kubwa hivyo anajibiwa, "Hii ndiyo ya gemu, bro." Basi anabeba, na usiku huo nusu ya meza yake imeliwa.

Mimi sikubaliani na jambo hili hata kidogo. Vitu vinavyofanya kazi ndani ya kompyuta ile vinaweza kukaa kwenye kasha la lita 10, yaani nusu ya mtungi wa maji wa lita 20, na gemu ikaenda kwa kasi ile ile au pungufu kidogo kiasi kwamba macho hayataona. Sharti ni moja tu, na wengi wanalipuuza: nunua kwa kuhesabu wati kabla ya kuchukua rula. Wengi wanapima urefu wa kadi, wanaona inaingia, wanafurahi, wanalipa. Baada ya wiki mbili wanalalamika kwamba kompyuta ndogo ni takataka. Kadi iliingia, ndiyo. Joto lake je?

Kwanza tuone ukubwa huu ulitoka wapi. Intel ilitoa vipimo vya ATX mwaka 1995: madabodi ya milimita 305 kwa 244. Wakati ule nafasi hiyo ilihitajika kweli, maana kadi ya sauti ilikuwa peke yake, ya mtandao peke yake, modemu nayo peke yake. Leo sauti na mtandao vimo ndani ya madabodi yenyewe, na mtu wa kawaida huchomeka kadi moja tu, ile ya grafiki, hadi siku anapoiuza mashine. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kwa 170. VIA hawakuwa na gemu akilini. Walitaka mashine ndogo zisizo na kelele za kazi nyepesi, na prosesa zao zilikuwa dhaifu. Wachezaji wa gemu waliudandia ubao ule baadaye, makampuni mengine yalipoanza kuuwekea prosesa za nguvu.

Kilichonifurahisha zaidi katika historia hii ni kwamba makasha mazuri hayakutoka kwa makampuni makubwa. NCASE M1, lita 12 na ushei, ilichangiwa na wanunuzi wenyewe kupitia Indiegogo mwaka 2013. Mwaka 2016 ikaja DAN A4-SFX kutoka Ujerumani kupitia Kickstarter, lita 7.2! Ndani ya A4 madabodi inakaa upande mmoja na kadi ya grafiki upande wa pili, zimepeana mgongo kama vipande viwili vya sandwichi, na waya bapa unapinda kuziunganisha. Leo mpangilio huo umeigwa na kila mtu. Ni watu waliochoka na makabati, wakachora walichotaka, wakapeleka kiwandani. Sisi waandishi wa programu tunaijua roho hiyo.

Sasa turudi kwenye joto, maana hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Kila wati inayoingia kwenye kompyuta kutoka ukutani inatoka kama joto. Yote. Hakuna inayogeuka kuwa "gemu". Kompyuta inayokula wati 400 ni hita ya wati 400 inayokuonyesha picha. Kwenye kasha kubwa joto hilo lina pa kuzurura, na feni mbovu au waya zilizokaa ovyo hazitakuadhibu sana. Kwenye lita 8 hakuna pa kuzurura. Joto lazima litoke sasa hivi, na likikwama prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo unakuwa umelipia prosesa ya bei kali inayokimbia kama ya bei nafuu, na hakuna taa nyekundu ya kukuambia. Gemu inaanza tu kukwamakwama baada ya dakika 20 na wewe unalaumu gemu.

Ndiyo maana nacheka nikiona mtu anatangaza kwamba amebana RTX 5090 kwenye lita 10. Inabanika, sibishi. Toleo la Nvidia wenyewe la Januari 2025 lina unene wa nafasi mbili tu, na tangu 2024 Nvidia wana vipimo rasmi vya kadi zinazofaa makasha madogo: urefu usiozidi milimita 304 na unene usiozidi 50. Lakini kadi hiyo inaruhusiwa kula wati 575. Ongeza Core i9-14900K, ambayo Intel wenyewe wanaiandikia hadi wati 253. Umeshapita wati 800, karibu na pasi ya umeme, ndani ya kitu kinachotosha kwenye begi la shule. Huo ni mchezo wa sarakasi, na wa matajiri.

Habari njema, na hili ndilo ambalo wauzaji hawasemi, ni kwamba kadi na prosesa nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimesukumwa kupita kiasi. Mtengenezaji anataka kushinda kwenye chati za majaribio, kwa hiyo anaongeza wati nyingi ili apate fremu chache za mwisho. Chukua RTX 4090 ya 2022: kikomo chake ni wati 450, lakini waliojaribu kuibana hadi asilimia 70, yaani wati 315, walipoteza asilimia chache tu za kasi. Wati 135 zimeokolewa! Kwenye kasha dogo hizo wati 135 ni tofauti ya mashine ya kukaa nayo chumbani na mashine inayopiga mluzi.

Sababu yake ni fizikia rahisi. Umeme unaoliwa na chipu inapofanya kazi huenda na kasi yake mara volteji mara volteji tena. Volteji inahesabiwa mara mbili. Ukishusha kutoka volti 1.05 hadi 0.90 na kasi ukaiacha palepale, chukua 0.81 ugawe kwa 1.1025, unapata 0.73 hivi. Umeokoa zaidi ya robo bila kugusa kasi. Kweli, si kila chipu itavumilia (zingine zinaganda ukifika 0.95), kwa hiyo unashusha kidogo kidogo na kujaribu kila mara. Ni kazi ya jioni moja na haina gharama. Kwa prosesa za AMD kuna njia ya uvivu zaidi: ingia BIOS, chagua Eco Mode, maliza.

Kwa maoni yangu mtu anayejenga kasha dogo bila kugusa mipangilio hii ni kama mpishi anayeacha moto juu kabisa kisha analaumu sufuria.

Kuna jambo lingine ambalo wazungu kwenye video zao hawatakuambia kwa sababu haliwahusu. Wanajaribu makasha kwenye vyumba vya nyuzi 21. Wewe unaishi wapi? Kama uko Mombasa au Malindi, mwezi wa Machi hewa inayoingia kwenye kasha lako imeshafika nyuzi 30 na kitu kabla kompyuta haijafanya lolote. Kwa hiyo ongeza nyuzi kumi kwenye kila namba unayoiona kwenye video hizo, na kama namba hiyo ilikuwa 84, pole. Tena pwani kuna unyevu na chumvi hewani, na unachovuta kwa feni kinapita juu ya kila kiungo cha chuma ndani.

Wa Nairobi nao wasifurahi haraka. Ndiyo, hewa yetu ni baridi, lakini mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, imepungua uzito kwa asilimia 15 hivi ikilinganishwa na ya pwani. Feni inasukuma ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu ya kubeba joto. Nimepiga hesabu. Tuseme kompyuta inatoa wati 400 na feni zinapitisha mita moja na nusu za ujazo kwa dakika. Mombasa hewa inaingia na nyuzi 30 na kutoka na 44 hivi, imepanda 14. Nairobi inaingia na 22 na kutoka na 38, imepanda 16. Nairobi bado inashinda, ila ushindi wenyewe si nyuzi nane kama ulivyodhani, ni sita. Kama ulikuwa unategemea "huku ni baridi" kama mpango wako wa kupoza, ndio huo mpango wako.

Vumbi sitalisemea sana. Kama unaishi karibu na barabara ya murram unajua. Ila kasha dogo lina ubora mmoja hapa: kulifungua na kulipuliza lote ni dakika tano, na hutalikwepa kwa sababu liko juu ya meza mbele ya macho yako, si chini ya meza likikusanya nywele na makombo ya chapati.

Kuhusu usalama naomba tuelewane, kwa sababu hapa si suala la fremu tena. Kwenye nafasi finyu umeme na chuma vinakaa karibu sana. Mwaka 2020 NZXT walitoa kasha lililoitwa H1, la lita 13 na nusu hivi, zuri kweli kwa macho. Skrubu mbili zilizoshika ubao mdogo wa kuunganisha kadi zilikuwa karibu mno na njia za umeme ndani ya ubao huo, na zingeweza kusababisha shoti na moto. Kwanza wateja walitumiwa skrubu za nailoni. Haikutosha, kwa sababu mtu aliyenunua mashine mkononi mwa mwingine asingejua habari hizo, na skrubu ya chuma ingeweza kurudi mahali pake siku yoyote. Mwezi Februari 2021 makasha 32,000 hivi yakarudishwa rasmi nchini Marekani, na ubao wenyewe ukabadilishwa. Sasa jiulize: makasha yaliyotumika ya kutoka ng'ambo yanauzwa wapi? Kwetu! Ukiuziwa H1 ya mkono wa pili, uliza kuhusu ubao huo kabla ya kuuliza bei. Na kasha lolote unalonunua, usiongeze skrubu yako ndefu zaidi eti kwa sababu ile ya asili imepotea.

Huo waya bapa wa kuunganisha kadi nao una visa vyake. Mingi ya zamani ilitengenezwa kwa PCIe 3.0. Ukichomeka kadi mpya inayotaka 4.0, kompyuta inawaka, skrini nyeusi, na fundi atakuambia kadi imekufa. Kabla hujalia, chomeka skrini kwenye tundu la madabodi (kama prosesa yako ina grafiki ya ndani), ingia BIOS na ulazimishe Gen 3. Kwenye kadi zenye njia 16 hasara ya kasi ni ndogo sana.

Najua kuna atakayesema: kama unataka kidogo, nunua laptop, au PS5, acha kujisumbua. Kuhusu koni nakubali nusu. Xbox Series X ya mwaka 2020 ni somo zuri sana la kazi hii: chini ya lita 7, madabodi imegawanywa vipande viwili, feni moja kubwa juu inavuta kila kitu. Microsoft wamethibitisha kwamba udogo na nguvu vinakaa pamoja. Lakini kwenye koni siwezi kuandika programu zangu, na ikiharibika sibadilishi kipande, nabadilisha yote.

Laptop ndiyo inaniudhi. Jina linadanganya. Laptop iliyoandikwa "RTX 4090" haina chipu ya RTX 4090 ya mezani, ina chipu ndogo zaidi ya daraja la 4080, na kikomo chake ni wati 175 hivi badala ya 450. Juu ya hapo imechomelewa kwenye ubao. Ikifa, umebaki na skrini ya bei ghali. Kompyuta ya lita 8 unaibeba kwenye begi ndani ya matatu vilevile (sawa, bila skrini), na baada ya miaka minne unauza kadi, unachomeka mpya, maisha yanaendelea.

Na kama pesa ni kidogo? Hapa Kenya tuna bahati ambayo watu hawaithamini. Mji umejaa kompyuta za ofisi zilizotumika, zile tunazoita ex-UK: OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, nyingi zikiwa za umbo lile jembamba. Ongeza kadi fupi isiyohitaji waya wa umeme wa ziada na una kompyuta ndogo ya gemu kabla hujasikia neno Mini-ITX. Tundu la PCIe linatoa wati 75 tu, kwa hiyo orodha ni fupi: GTX 1650 ya mwaka 2019, au RTX 3050 ile ya GB 6 ya mwaka 2024, wati 70. Hakikisha ni toleo fupi, lenye kibati kifupi, maana zipo ndefu za jina hilo hilo. Usikimbilie RX 6400 kwa sababu ni rahisi. Ile inatumia njia nne tu za PCIe, na mashine nyingi hizi za ex-UK ni PCIe 3.0, kwa hiyo inakabwa koo. Kumbuka pia kwamba powa saplai zake ni za umbo lao wenyewe, nyingi za wati 180 hadi 260, huwezi kuzibadilisha na ya dukani. Utacheza FIFA, GTA V na Valorant bila shida. Cyberpunk utaiona kwa mbali.

Kama ni kujenga kutoka mwanzo kwa pesa yangu leo, ningetafuta prosesa kama Ryzen 7 7800X3D, ambayo imeandikiwa wati 120 lakini kwenye gemu mara nyingi hula chini ya 80, na kadi ya daraja la RTX 5060 Ti, wati 180. Kwa kupoza prosesa kuna vipozaji vifupi: Noctua NH-L9a ni milimita 37, Thermalright AXP90-X47 ni 47. Kama kasha linaruhusu hiyo ya pili ichukue, milimita 10 hapo zina thamani kubwa. Powa saplai iwe SFX na isiwe ya jina usilolijua; hapo ndipo mahali pa mwisho pa kubana pesa. Madabodi ya Mini-ITX itakugharimu zaidi ya ile kubwa, halafu ina nafasi mbili tu za RAM, kwa hiyo nunua RAM yote unayoitaka siku ya kwanza.

Jumla ya mashine hiyo ukicheza ni wati 300 hivi. Hapa ndipo hesabu inakuja kulipa kwa namna ambayo wa ng'ambo hawaifikirii. UPS ya kawaida ya 650VA inabeba wati 360 hivi. Stima ikipotea katikati ya mechi, mashine ya wati 300 inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri. Mashine ya wati 700 inaizima UPS hiyo papo hapo, na diski yako inazimika na data ikiwa njiani.

Ukishamaliza kufunga, usijaribu kasha likiwa wazi. Funga vifuniko vyote, weka mahali litakapokaa kila siku, washa gemu nzito nusu saa mchana wa saa nane, kisha soma joto. Prosesa ikikaa chini ya 85 na kadi chini ya 80, acha hivyo. Ikizidi, rudi BIOS upunguze wati kumi, ujaribu tena.